Mabil: Chipukizi wa Kakuma aliyejua kusubiri

DAKIKA 120 zilikuwa zimekatika bila bao. Ilikuwa Juni 13, 2022, katika uwanja wa Ahmad bin Ali nchini Qatar, na kati ya Australia na Peru ni timu moja tu ambayo ingekwenda Kombe la Dunia. Kila upande ulikuwa umepiga mikwaju mitano ya penalti na matokeo yalikuwa 4-4.

Aliyejitokeza kupiga mkwaju wa sita wa Australia alikuwa kijana wa miaka 26, Awer Mabil. Akautia mpira wavuni. Muda mfupi baadaye kipa Andrew Redmayne, aliyeingizwa dakika za mwisho kwa ajili ya matuta hayo tu, akapangua mkwaju wa Alex Valera, na Australia ikafuzu.

Baada ya mechi Mabil aliwaambia wanahabari kwamba alizaliwa katika kibanda kidogo kambini, na kwamba chumba cha hoteli alicholala huko Qatar kilikuwa kikubwa kuliko kile kilichobeba familia yake yote. Bao lile, alisema, lilikuwa njia yake ya kuishukuru Australia kwa niaba ya familia.

Kambi aliyoitaja ni Kakuma. Hapa Juba huwezi kuketi kwa mama chai bila kukuta mtu aliyewahi kupanga foleni ya mgao huko. Ndiyo maana jina la Mabil lilienea mjini kama moto wa nyasi za kiangazi, kutoka Gudele hadi Sherikat.

Tangu wakati huo nimesikia maswali mawili yakiulizwa tena na tena. La kwanza ni hili: mbona kijana wetu anachezea watu wengine? La pili huulizwa kwa sauti ya chini, na huulizwa na wazazi: alipitia wapi, na mwanangu anaweza kupita hapo hapo?

Mimi ni mwalimu. Swali la kwanza ni la mazungumzo ya jioni. Hilo la pili linaweza kumgharimu mtu mtaji wake wote, na kwa sababu hiyo nimeamua kuliandikia.

Mama wa Konyo Konyo

Mama mmoja ambaye mwanawe anasoma shuleni kwetu alinijia muhula uliopita. Ana kibanda katika soko la Konyo Konyo, na vitunguu na nyanya zake huvuka mpaka pale Nimule zikitoka upande wa Uganda. Mwanawe ana miaka 15 na ni kiungo wa timu yetu. Nasema bila kutia chumvi kwamba sijafundisha mtoto mwenye jicho kama lake la kumwona mwenzake aliye wazi.

Bwana mmoja aliyejiita wakala alikuwa amemwona kijana huyo akicheza. Aliahidi kumpeleka kwenye majaribio katika klabu moja ya Ulaya. Gharama ilikuwa dola 1,500, nusu yake itangulie. Zaidi ya hapo alitaka cheti cha kuzaliwa kitengenezwe upya, kijana apunguziwe miaka miwili.

"Mwalimu, huyu mtoto ndiye atakayetutoa," mama aliniambia. "Nikikaa miezi mitatu bila mtaji, si nitavumilia tu? Nimevumilia mangapi?"

"Mama, pesa umeshampa?"

"Bado. Amesema Ijumaa."

Ilikuwa Jumanne. Nilimwomba aketi, nikamsimulia safari ya Mabil mwaka kwa mwaka, kwa sababu yule bwana naye alikuwa amelitumia jina la Mabil kumshawishi. Nitaisimulia hapa vile vile, msomaji, ili ujionee mwenyewe mahali ambapo hadithi ya bwana yule inaachana na hadithi ya kweli.

Mpira wa mifuko

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 katika ardhi kavu ya Turkana, kaskazini mwa Kenya. Ilifunguliwa kwa ajili ya watoto na vijana wetu waliotimuliwa Ethiopia baada ya utawala wa Mengistu kuanguka mwaka 1991, wakatangatanga kwa miguu hadi wakavuka kuingia Kenya. Nilikuwa mmoja wa watoto waliokulia humo. Kiswahili ninachoandikia makala hii nilifundishwa kwenye madarasa ya kambi ile, kwa mtaala wa Kenya.

Mabil alizaliwa huko Septemba 15, 1995, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka huku kwetu. Sikuwahi kumfahamu; kambi ilikuwa na makumi ya maelfu ya watu na yeye alikuwa mtoto mchanga nilipokuwa shule ya msingi. Lakini vumbi alilokulia nalifahamu.

Mwenyewe amesimulia kwamba alianza kucheza akiwa na umri wa miaka kama mitano, pekupeku. Mpira wenyewe ulikuwa wa soksi kuukuu na mifuko ya plastiki, ndio ule ule tuliokuwa tukiufunga kwa kamba na kuufungua tena kila jioni ili kamba ifanye kazi nyingine. Amesimulia pia jinsi alivyotembea kwa saa mbili kufika kwenye televisheni, na kulipa kiingilio ili aone mechi za Ulaya.

Katika miaka hiyo hapakuwa na wakala aliyemjia wala majaribio aliyoitiwa. Kilichoitoa familia yake Kakuma mwaka 2006 hakikuwa soka. Ilikuwa ni ule utaratibu wa kuwahamishia wakimbizi nchi ya tatu, ambao wengi wetu tuliusubiri tukisoma majina kwenye ubao wa matangazo. Familia ilipelekwa mji wa Adelaide, Australia. Mabil alikuwa na miaka 10.

Klabu ndogo kwanza

Huko Adelaide hakutua kwenye klabu kubwa. Alipitia klabu za mitaani, zikiwamo Playford City na Campbelltown City, zile ambazo wachezaji wake wengi wana kazi nyingine mchana. Huko ndiko alikozoea kucheza kwa njumu, kwa mpangilio, na mbele ya kocha anayeandika.

Adelaide United, klabu ya ligi kuu ya Australia, ilimpa mechi yake ya kwanza mapema mwaka 2013. Alikuwa na miaka 17. Hesabu, msomaji: ni zaidi ya miaka sita tangu ashuke kwenye ndege.

Nafasi yake ni pembeni. Magazeti mengine humwita winga, mengine kiungo wa pembeni, na tofauti hutegemea mfumo wa kocha. Kazi yenyewe ni moja: kuupokea mpira kwenye mstari, kumkabili beki ana kwa ana, kisha kuamua kama ni krosi, ni pasi ya nyuma au ni kuingia ndani na kupiga. Chini ya kocha Mhispania Josep Gombau, aliyeifundisha Adelaide kuanzia 2013 na kupenda mpira wa pasi za chini, kijana alipata pa kukulia.

Desemba 2014 Adelaide ilitwaa Kombe la FFA kwa kuifunga Perth Glory 1-0. Hilo lilikuwa shindano jipya, likichezwa kwa mara ya kwanza. Miezi saba baadaye, Julai 2015, Mabil akasajiliwa na FC Midtjylland ya Denmark, klabu ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imetwaa ubingwa wa nchi hiyo kwa mara ya kwanza katika historia yake. Alikuwa bado hajatimiza miaka 20.

Mlango wa Ulaya ulikuwa umefunguka. Hadithi za mawakala wa mitaani huishia hapo, lakini kwa Mabil miaka migumu ndiyo ilikuwa inaanza.

Timu mbili, daraja mbili

Majeraha yalimsumbua na benchi likawa makao yake. Msimu wa 2016/17 Midtjylland ilimtoa kwa mkopo kwenda Esbjerg, klabu nyingine ya Denmark. Esbjerg ikashushwa daraja. Msimu wa 2017/18 akatolewa tena kwa mkopo, safari hii kwenda Ureno katika klabu ya Paços de Ferreira. Nayo ikashushwa daraja.

Jiweke katika viatu vya kijana huyo. Una miaka 22, uko nchi ya nne, lugha ya tatu au ya nne, na timu mbili mfululizo ulizochezea zimeteremka. Wapo wengi wenye vipaji ambao safari yao huishia hapo, na majina yao hatuyajui kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka 2018 alirudi Midtjylland, akapigania namba, akaipata. Oktoba 15 mwaka huo aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza na jezi ya timu ya taifa ya wakubwa ya Australia, dhidi ya Kuwait, na akafunga bao katika ushindi wa 4-0. Mechi hiyo hiyo ilikuwa ya kwanza pia kwa beki Thomas Deng, aliyezaliwa Nairobi kwa wazazi wa kwetu na kukulia Adelaide, rafiki yake tangu utotoni.

Baada ya hapo mambo yakafunguka. Midtjylland ikatwaa Kombe la Denmark mwaka 2019 na ubingwa wa ligi mwaka 2020, kisha ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, kundi moja na Liverpool, Ajax na Atalanta. Mtoto aliyetembea saa mbili kuzitazama timu kubwa sasa alikuwa akizikabili. Desemba 2022 alikuwa Qatar kwenye Kombe la Dunia, pamoja na Deng na chipukizi Garang Kuol, aliyezaliwa Misri kwa wazazi wetu vile vile.

Tangu apige ule mpira wa soksi hadi aivae jezi ya taifa zilipita takriban miaka 18.

Mbona hatuchezei sisi?

Hilo swali la kwanza lina jibu la tarehe. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 9, 2011 na ikakubaliwa kuwa mwanachama wa FIFA Mei 2012. Mechi yetu ya kwanza ya kimataifa ilichezwa hapa Juba Julai 10, 2012 dhidi ya Uganda, tukatoka sare ya 2-2 kwa mabao ya Richard Justin na James Moga. Siku hiyo Mabil alikuwa na miaka 16 na alikuwa ameishi Australia miaka sita.

Kuzaliwa Kakuma hakukumpa uraia wa Kenya. Anayezaliwa kambini huzaliwa mkimbizi. Australia ndiyo iliyompa pasipoti, shule na uwanja wenye nyasi. Akishacheza mashindano rasmi na timu ya wakubwa ya nchi moja, kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kuhamia nchi nyingine kwa masharti makali tu. Mabil alicheza Kombe la Asia mwaka 2019. Mjadala ulikwishafungwa.

Wenzetu wa mpira wa kikapu wametuonyesha njia nyingine. Luol Deng, aliyewahi kuwa nyota wa NBA, aliwakusanya vijana wetu waliotawanyika duniani, wakacheza Kombe la Dunia 2023 na Olimpiki ya Paris 2024, ambako waliifunga Puerto Rico 90-79. Kwa hiyo damu ya nyumbani haikataliwi. Inahitaji kuitwa mapema, kwa mpango na kwa karatasi zilizo sawa.

Njia ya Nairobi

Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu mna ndugu Nairobi, Eldoret au Kampala, na mtaniambia kwamba si kila mtoto atapata ndege ya kwenda Australia. Kweli. Basi tumtazame kiungo wa karibu zaidi, Victor Wanyama.

Wanyama alizaliwa Nairobi Juni 25, 1991. Baba yake, Noah, alichezea AFC Leopards. Kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa ametangulia Sweden. Victor alikulia katika akademia ya JMJ, akapitia Nairobi City Stars na AFC Leopards, akaitwa timu ya taifa ya Kenya mwaka 2007 akiwa bado na miaka 15. Mwaka huo huo alijiunga na Helsingborg ya Sweden alikokuwa kaka yake.

Mariga alipouzwa Italia, mdogo mtu hakukaa Sweden. Alirudi Kenya. Mwaka 2008 ndipo akapata nafasi Ubelgiji katika klabu ya Germinal Beerschot, akakaa huko miaka mitatu akijifunza kazi ya kiungo mkabaji: kuziba njia, kunyang'anya mpira na kuutoa haraka. Celtic ya Scotland ilimnunua Julai 2011 kwa takriban pauni 900,000. Novemba 7, 2012 alifunga kwa kichwa Celtic ilipoilaza Barcelona 2-1. Julai 2013 Southampton ikamnunua kwa pauni milioni 12.5, naye akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Hata huyu, mwenye baba mchezaji na kaka aliyefungua njia, alirudishwa nyumbani mara moja kabla ya kufaulu. Anayekuambia kwamba mwanao atatua Ulaya mwezi ujao na kubaki huko, anakuuzia samaki walio bado ziwani.

Kanuni zinasemaje

Sasa tuje kwenye yale yatakayokuokolea pesa. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine. Hiyo ndiyo sheria ya msingi, na vighairi vyake vinahesabika.

Kighairi cha kwanza ni pale wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusu soka. Cha pili ni cha vijana wa miaka 16 hadi 18 wanaohama ndani ya Umoja wa Ulaya, ambacho hakituhusu. Vipo pia vya mtoto mkimbizi na vya mwanafunzi wa kubadilishana, kila kimoja na masharti yake.

Kipo kimoja ambacho wafanyabiashara wa mpakani wakijue vizuri. Mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu iliyo ndani ya kilomita 50 upande wa pili, mradi umbali wa nyumbani hadi klabuni usizidi kilomita 100, aendelee kulala kwao, na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali. Kijana wa Nimule anaweza kufikiria klabu ya karibu upande wa Uganda kwa njia hiyo. Wa Juba hawezi, maana Nimule iko mbali mno na hapa.

Kuhusu mawakala: tangu 2023 anayefanya kazi hiyo lazima awe na leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yanaweza kutafutwa kwenye tovuti yake. Haruhusiwi kumfuata mtoto hadi ibaki miezi sita afikie umri wa kusaini mkataba wa kwanza wa soka ya kulipwa kwa sheria za nchi husika, tena kwa idhini ya maandishi ya mzazi. Malipo yake hutokana na mkataba uliosainiwa. Akitaka ada kabla ya mkataba, ana biashara nyingine.

Halafu kuna umri. Sisi wa kambini twajua mzaha wa Januari 1: mamia yetu "tulizaliwa" siku hiyo kwa sababu karani alihitaji tarehe na mama hakuwa nayo. Kadi yangu ya ukimbizi nayo ilisoma hivyo. Lakini siku hizi hati za mtoto hukaa kwenye kompyuta. Kijana wetu huyu alikimbilia Uganda na mama yake mwaka 2016 na akaandikishwa huko. Cheti kipya cha Juba kikisema mwaka mwingine, atakuwa na umri wa aina mbili, na siku klabu halali itakapotaka karatasi zake, hizo mbili zitagongana. Kumpunguzia mtoto miaka ni kumwekea mtego utakaomnasa akiwa tayari amefika mlangoni.

Pesa inayopotea Juba

Kuna jambo moja ambalo hata makocha wetu wengi hawalizungumzii. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. FIFA huiita fedha ya mshikamano. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya bei. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5.

Tuchukue bei ile ya pauni milioni 12.5 kama mfano wa hesabu. Asilimia 5 yake ni pauni 625,000. Msimu mmoja wa mtoto wa miaka 13 una thamani ya pauni 31,250. Msimu mmoja wa kijana wa miaka 17 una pauni 62,500. Hata mchezaji akiuzwa kwa dola milioni moja tu, klabu iliyomlea tangu 12 hadi 15 inastahili dola 10,000, ambazo zingenunua mipira na njumu za watoto wengi wa Munuki.

Sharti ni moja: klabu iwe imesajiliwa na shirikisho, na mtoto awe amesajiliwa na klabu hiyo, kwa jina na tarehe zinazothibitika. Timu ya shule peke yake haitoshi. Timu ya mtaa inayokusanyika jioni bila daftari haitoshi. Tunalea vipaji bure kwa kukosa kalamu.

Siku ya Ijumaa

Yule mama hakutoa pesa. Ijumaa alimwuliza bwana yule namba ya leseni yake, nami nilikuwa nimeketi kando. Akasema ataileta Jumatatu. Simu yake haikupatikana Jumatatu, na hadi ninapoandika haijapatikana.

Ningependa kusema kwamba kila mtu alifurahi. Mama alirudi kwenye vitunguu vyake. Kijana hakunisemesha kwa wiki tatu. Siku moja alinikuta langoni akaniambia, "Mwalimu, wewe ulisoma, una kazi. Mimi nilikuwa na hiyo tu, ukanifungia."

Sikuwa na jibu la haraka la kumpa. Ana haki ya kuumia. Kijana wa miaka 15 hapa Juba anaona vita vya 2013 na 2016 vilivyowakimbiza wazazi wake, anaona waliomaliza shule wakiendesha bodaboda, na anaona Mabil kwenye simu. Ukimwambia asubiri, anasikia kwamba unamwambia abaki alipo.

Kwa hiyo hatukumwambia asubiri akiwa ameketi. Tulimpeleka kwenye klabu iliyosajiliwa hapa mjini, akaandikwa kwa tarehe yake ya kweli, ile ile iliyo kwenye hati za Uganda. Mama alichukua picha ya kila karatasi na kuihifadhi kwenye simu yake na ya shangazi mtu aliye Kampala, maana wote twajua jinsi karatasi zinavyopotea watu wanapokimbia. Anafanya mazoezi jioni na asubuhi yuko darasani, kwa sababu mkataba huandikwa kwa lugha ambayo asiyeisoma husomewa na anayemwibia.

Mabil mwenyewe alirudi Kakuma akiwa bado chipukizi, akapeleka jezi na viatu, na pamoja na ndugu yake Awer Bul wakaanzisha shirika la Barefoot to Boots linalosaidia wakimbizi. Watoto wa kambi ile waliziona njumu zake kwa macho yao kabla dunia haijamjua.

Mzazi unayesoma makala hii Konyo Konyo, Nimule au Nadapal, fanya mambo matatu wiki hii. Tafuta tarehe ya kweli ya mwanao na uihifadhi mahali pawili. Uliza kama timu anayochezea imesajiliwa, na kama naye ameandikwa. Na mtu akikujia na ahadi ya Ulaya, mwombe namba ya leseni kabla hujamwomba namba ya akaunti.

Kijana wetu atafikisha miaka 18 baada ya misimu mitatu. Jumamosi iliyopita klabu yake mpya ilimpa dakika 20 za mwisho, na alitoa pasi moja iliyowafanya wazee waliokaa chini ya mwarobaini wasimame. Kocha aliiandika.